Maswali ya wasomaji: Ukoo ulioshika ngome na shamba la zabibu tangu 1141

Wiki hii barua zimekuja nyingi na nne zinazungukia jambo moja, kwaiyo nimeona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeuliza ana uamuzi wa kufanya nyumbani kwake na sikutaka kumjibu juujuu.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma. Mzee wetu alifariki mwaka jana akatuachia shamba la zabibu ekari sita, na mnunuzi ameshajitokeza, ndugu zangu wengi wanataka tuuze tugawane hela kila mtu ashike lake. Kuna jamaa kaniambia huko Italia kuna ukoo umekaa na shamba moja la zabibu karibu miaka mia tisa na ngome yao iko juu ya kilima mpaka leo. Ni kweli au ni stori tu? Na kama ni kweli, walifanyaje wasiuze? – Mkulima, Mpunguzi

JIBU: Pole sana kwa msiba ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hamjaweka sahihi popote.

Jamaa yako kakwambia kweli. Ukoo unaitwa Ricasoli, ngome inaitwa Brolio, iko Gaiole in Chianti kwenye mkoa wa Toscana, kati ya Firenze na Siena ila upande wa Siena zaidi. Brolio iliingia mikononi mwao mwaka 1141 kwa kubadilishana ardhi, na mpaka leo mwenye shamba ni Ricasoli. Shamba lote ni kama hekta 1,200, nyingi ni misitu, mizabibu ni kama hekta 240 alafu kuna na mizeituni.

Ila swali lako la pili, walifanyaje wasiuze. Hapo inabidi nikueleze vizuri maana waliuza. Yaani waliuza kitu kimoja wakabaki na kingine, na hicho walichobaki nacho ndo kiliwarudisha. Nitafika huko, naomba univumilie nianzie mbali kidogo.

Watu wakisikia miaka mia tisa wanadhani ni raha mustarehe, kumbe lile eneo lilikuwa mpakani. Firenze na Siena zilikuwa dola mbili zenye uadui mkubwa, na Brolio ilikaa palepale katikati, na akina Ricasoli walikuwa upande wa Firenze huku madirisha yao yanatazama Siena. Kwaiyo kila vita ikizuka wa kwanza kupigwa ni wao. Mwaka 1478 majeshi ya mfalme wa Napoli pamoja na watu wa Siena waliizingira ngome, wakaiteka na kuibomoa. Mwaka 1484 Firenze ikagharamia kuijenga upya, na zile kuta nene zenye pembe zilizochomoza nje kwa ajili ya kuhimili mizinga zinahesabiwa kati ya za mwanzo za aina hiyo Italia nzima. Haikusaidia sana, 1529 watu wa Siena wakarudi wakaichoma moto. Ikajengwa tena. Watu wa kule walikuwa na msemo kwamba Brolio ikinguruma Siena yote hutetemeka, lakini ukihesabu vizuri utaona Brolio nayo ilitetemeka mara nyingi tu.

Mi nilifika pale mwezi wa kumi, wakati wa mavuno. Unapanda kilima kwa miguu katikati ya miti mirefu ya misipresi, ukifika juu unaona rangi mbili: kuta za chini ni za mawe ya kijivu, za zamani, alafu nyumba yenyewe juu ni ya matofali mekundu kabisa, imejengwa baadaye sana, kuanzia 1835. Kwenye yale matofali mekundu kuna mashimo. Kuna la kuenea ngumi na kuna la kuenea kidole tu, na kingo zake bado zina ncha. Ni alama za makombora ya Vita Vikuu vya Pili, vita ilipopita pale 1944, na wameziacha hivyohivyo bila kuziba. Nilisimama pale muda mrefu. Chini bondeni kwenye kiwanda walikuwa wanashusha zabibu na ile harufu ya juisi inayoanza kuchacha ilikuwa inapanda mpaka juu, harufu ambayo wewe mtu wa Mpunguzi unaijua kuliko mimi.

Sasa twende kwa mtu aliyelifanya shamba hilo lijulikane duniani. Anaitwa Bettino Ricasoli, alizaliwa 1809. Huyu nataka umsikie kwa makini kwa sababu alianza kama wewe. Akiwa na miaka 18 alikuwa ameshabaki yatima, wadogo zake wanamtegemea, na urithi wenyewe umejaa madeni mpaka shingoni. Sheria ilikuwa inamhesabu bado mtoto, ikabidi mtawala wa Toscana atoe amri maalumu kumtangaza mtu mzima ili aweze kusimamia mali na kulea wadogo zake. Akaacha masomo akaenda kuishi Brolio, shamba kwa shamba, daftari kwa daftari, mpaka madeni yakaisha. Hakuuza ili alipe, alikaa akalima akalipa.

Na wakati analipa madeni akawa anatafuta jambo jingine, kwamba waini ya pale ikipakiwa kwenda mbali isiharibike njiani na iwe na ladha moja kila mwaka. Enzi zile kila mtu alikuwa anachanganya zabibu zozote alizonazo shambani, nyekundu nyeupe zote pipa moja. Yeye akajaribu mbegu moja moja. Mwaka 1851 akasafiri mpaka Ufaransa na Ujerumani kuangalia wenzake wanafanyaje. Alikaa kwenye majaribio hayo zaidi ya miaka 30, tena katikati ya hiyo miaka akawa waziri mkuu wa Italia mara mbili. Mara ya kwanza ni Juni 1861 baada ya Cavour, waziri mkuu wa kwanza, kufariki, nchi ina miezi mitatu tu tangu iungane, na mara ya pili 1866 hadi 1867. Kabla ya hapo, yeye ndo aliyesimama kidete Toscana ijiunge na nchi mpya, wakapiga kura Machi 1860. Kwa msimamo wake mkali walimwita Baroni wa Chuma, baroni ni cheo cha kimwinyi.

Mwaka 1872 akamwandikia barua profesa mmoja wa chuo kikuu cha Pisa, Cesare Studiati, akamwambia amefikia wapi. Barua hiyo ukiielewa umeielewa Chianti yote, yaani waini ya vilima vile. Alisema waini inapata harufu yake na nguvu yake kutoka kwa zabibu ya Sangiovese. Zabibu ya Canaiolo inaleta utamu wa kupunguza ule ukali wa Sangiovese bila kuiondolea harufu. Na ya tatu, Malvasia, ambayo ni nyeupe, inaifanya waini iwe nyepesi ya kunywa kila siku mezani, ila kwa waini ya kuweka miaka mingi hiyo Malvasia unaweza ukaiacha.

Shika hapo kwenye kuacha Malvasia maana ndipo balaa lilipotokea baadaye. Serikali ilipoweka sheria ya Chianti mwaka 1967 waliijenga juu ya fomula ya Bettino lakini wakalazimisha zabibu nyeupe ziwemo kuanzia asilimia 10 mpaka 30. Kile alichosema kinaachwa, wao wakakifanya lazima. Matokeo yake chupa nyingi za Chianti zikawa waini nyepesi isiyo na mwili, na jina likashuka thamani. Marufuku kamili ya zabibu nyeupe kwenye Chianti Classico, yaani Chianti ya eneo la asili, ilikuja kuanzia mavuno ya 2006, yaani miaka 134 baada ya barua. Mi jambo hili linaniuma kila nikilifikiria, kwa sababu mzee alikuwa ameshaandika, tena kwa lugha nyepesi, na barua ipo.

Sasa ndo nakuja kwenye kuuza. Baada ya vita mambo yalikuwa magumu, wafanyakazi wanakimbilia mijini (nimeeleza kwenye swali linalofuata), na mwisho familia ikauza jina la biashara na kiwanda kwa kampuni kubwa la vinywaji la Seagram, baadaye likaenda kwa Waaustralia, kampuni la Hardy. Ngome na ardhi wakabaki nayo wenyewe. Kwaiyo fikiria hali ilivyokuwa: chupa ina jina lako na picha ya nyumba yenu, lakini kilichomo ndani wewe huna usemi nacho. Makampuni yakaongeza wingi, ubora ukashuka, na jina la Brolio ambalo lilikuwa linaongoza Chianti likawa la kawaida tu la kwenye rafu.

Aliyelirudisha ni Francesco Ricasoli. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, tena picha za matangazo, hakuwa mtu wa waini kabisa. Mwaka 1993 akalinunua tena lile jina la biashara na kiwanda, akarudi Brolio. Kitu cha kwanza kikubwa alichofanya ni kung'oa mizabibu ya zamani na kupanda upya, sehemu kwa sehemu, kwa sababu mizabibu iliyopandwa miaka ya 60 na 70 ilikuwa ya kutafuta wingi. Wakachunguza udongo wa shamba zima, wakachagua miche ya Sangiovese ya palepale Brolio wakaizalisha yenyewe. Waini yake kuu yenye jina la ngome ilianza na mavuno ya 1997 na ikarudisha heshima ya ukoo.

Angalia hesabu yake ndugu yangu. Jina lilinunulika tena kwa sababu ardhi ilikuwa haijatoka. Angekuwa na hela lakini ardhi imeuzwa vipande vipande kwa watu kumi, angenunua karatasi yenye picha ya ngome. Kwaiyo mi nawaambia wazi, kama kuna ndugu ana shida ya kweli ya hela, kaeni muangalie cha kuuza kwanza: mavuno ya misimu miwili, au mumkodishe mtu kwa miaka inayojulikana kwa mkataba wa maandishi. Kule wanavuna mara moja kwa mwaka kwa sababu mizabibu inalala wakati wa baridi, ninyi Dodoma mnavuna mara mbili, hiyo ni nafuu ambayo Bettino hakuwa nayo alipokuwa analipa madeni. Na kaeni na mtu mmoja katika ukoo ambaye ataandika: mbegu gani iko mstari gani, ilipandwa lini, ilizaa kilo ngapi, ilipata ugonjwa gani. Mzee wenu bila shaka alikuwa anayajua yote hayo kichwani. Muulizeni mama, waulizeni waliokuwa wanalima naye, muandike sasa hivi kabla hawajasahau.

SWALI: Mhariri salaam. Huwa nasoma hizi habari za makasri ya Ulaya na waini zao za bei mbaya, lakini hakuna anayesema nani alikuwa analima. Hao mabaroni walishika jembe? Au walikuwa na watumwa? – Mwalimu wa historia, Morogoro

JIBU: Mwalimu asante, swali hili lilistahili kuja kabla ya la waini.

Hawakushika jembe na hawakuwa na watumwa. Walikuwa na mfumo uitwao mezzadria, maana yake ni nusu kwa nusu, na umeendesha mashamba ya Toscana kwa mamia ya miaka. Mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba ya mawe ya kuishi palepale shambani, familia ya mkulima inatoa nguvu zake zote, wakubwa kwa watoto, alafu kila kinachovunwa, ngano, zeituni, zabibu, kinagawanywa nusu kwa nusu. Kwa kuitamka inasikika ni haki. Lakini mkataba ulikuwa wa mwaka, na bwana akiona hafurahishwi anawaambia wahame, na kuhama kulikuwa mwezi wa kumi na moja, sikukuu ya mtakatifu Martino, baridi imeshaanza, unaona mkokoteni umepakiwa vitanda na kuku na bibi kakaa juu wanakwenda kutafuta bwana mwingine. Na mbegu zikipungua au mwaka ukiwa mbaya mkulima anakopa kwa bwana, deni linaandikwa kwenye daftari la bwana, na daftari anayelishika ni karani wa bwana. Wakulima wengi walikuwa hawajui kusoma.

Na kila familia ilikuwa na mzee wake mmoja aliyeitwa capoccia, ndo anaongea na bwana kwa niaba ya wote. Hata kijana akitaka kuoa ilibidi bwana akubali, kwa sababu mdomo unaoongezeka na mkono unaoongezeka vyote vinaingia kwenye hesabu ya shamba.

Bettino mwenyewe alikuwa ndani ya mfumo huo na aliuamini. Aliandika kanuni za kilimo kwa ajili ya wakulima wa Brolio, aliwakusanya kuwafundisha dini na maadili, alifuatilia mpaka usafi wa nyumba zao. Wapo wanaomsifu kwa hilo. Mi naona alikuwa mtu mkweli na mchapakazi ila alikuwa baba kwa watu wazima ambao hawakumuomba awe baba yao, na ile nusu yake ilikuwa inatoka kwenye migongo yao, hilo lazima lisemwe kila tunapotaja fomula yake maarufu. Yale majaribio ya miaka 30 aliyafikiri yeye, lakini waliochuma zabibu mbegu kwa mbegu, kikapu mbalimbali, ni wao, na majina yao hayapo kwenye barua.

Hata sura ya shamba ilikuwa tofauti na unayoiona leo kwenye picha. Ile mistari mirefu iliyonyooka ya mizabibu ni mambo ya juzi, baada ya 1960. Zamani mzabibu uliachwa ukwee mti, wenyewe walisema mzabibu umeolewa na mti, na katikati ya mistari wanapanda ngano, na majani ya ule mti wanalisha ng'ombe. Shamba moja linalisha watu, mnyama na pipa. Wakulima wetu wengi wanaochanganya mahindi, kunde na migomba wataielewa akili hiyo bila kufafanuliwa.

Mfumo ukafa taratibu. Baada ya vita wakulima walipigania wapewe zaidi ya nusu, wakapata 53 kwa 100, alafu 1964 sheria ikapandisha hadi 58 na kuzuia mikataba mipya ya mezzadria. Lakini kufikia hapo vijana walikuwa wameshaondoka, wameenda viwandani Firenze, Prato, na miji ya kaskazini. Nyumba za mawe zikabaki tupu, milango inagongwa na upepo. Baadaye wageni kutoka Uingereza na Ujerumani wakaja kuzinunua wakazifanya nyumba za likizo. Ukikodi nyumba ya kifahari Chianti leo yenye bwawa la kuogelea, kuna uwezekano mkubwa chumba unacholala ghorofa ya chini kilikuwa zizi la ng'ombe wa familia moja ya nusu kwa nusu.

SWALI: Kwenye duka moja hapa Dar niliona chupa ya Chianti ina jogoo mweusi shingoni na nyingine haina, bei tofauti. Jogoo ana maana gani? Na ni kweli kuna hadithi ya jogoo? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Jogoo ana maana, tena kubwa. Chianti ya asili ni eneo dogo, vilima kati ya Firenze na Siena. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III, alitoa tangazo la kuweka mipaka ya wapi panaruhusiwa kuitwa Chianti, na hiyo ni moja ya mipaka ya mwanzo kabisa ya waini kuwekwa kisheria duniani. Lakini jina likishakuwa na soko kila mtu analitaka. 1924 wakulima wa eneo la asili wakakutana kijiji cha Radda wakaunda chama chao kulinda jina, wakachukua jogoo mweusi awe alama. Haikuzuia kitu, 1932 serikali ikatanua jina mpaka sehemu kubwa ya Toscana, na lile eneo la zamani likaongezewa neno Classico ili litofautike. Kwaiyo yenye jogoo ni Chianti Classico, lazima iwe na Sangiovese angalau asilimia 80, na isiyo na jogoo ni Chianti ya maeneo mengine. Isiyo na jogoo siyo mbaya, kuna nzuri sana, ila siyo ya vilima vile.

Hadithi sasa. Wanasimulia kwamba Firenze na Siena walichoka kupigana kuhusu mpaka, wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi mmoja, aondoke jogoo wa kwanza akiwika, na pale watakapokutana ndo mpaka. Siena wakachagua jogoo mweupe wakamlisha vizuri, kashiba kanenepa. Firenze wakachukua jogoo mweusi wakamfungia kwenye sanduku lenye giza siku kadhaa bila chakula. Siku yenyewe walipomfungulia, kwa njaa aliyokuwa nayo, akawika usiku wa manane kabla hata hakujaanza kupambazuka, na mpanda farasi wa Firenze akaondoka mbio. Yule wa Siena jogoo wake bado kalala fofofo. Wakakutana Fonterutoli, kilomita 12 tu kutoka Siena, na karibu Chianti yote ikawa ya Firenze.

Ni hadithi, lakini jogoo mweusi mwenyewe ni wa kweli kihistoria. Ilikuwa alama ya umoja wa vijiji vya Chianti tangu karne ya 14, na mchoraji Vasari alimchora kwenye dari la ukumbi mkubwa wa jumba la Palazzo Vecchio pale Firenze. Ukienda, inua kichwa umtafute.

SWALI: Nimemsikia huyo Bettino kwenye podikasti moja, wakasema mzimu wake unaonekana ngomeni usiku wa mbalamwezi. Hilo tuliache. Mi nauliza wanawake wa ukoo huo walikuwa wapi muda wote? Miaka mia tisa ni wanaume watupu? – Dada wa Nairobi

JIBU: Dada yangu hilo la mzimu linasimuliwa kweli, na mi nakubaliana na wewe tuliache.

Wanawake walikuwepo, ila habari zao zimeandikwa kidogo mno. Mke wa Bettino aliitwa Anna Bonaccorsi, walioana wakiwa bado vijana. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa baridi walikuwa kwenye dansi Firenze, kijana mmoja akamchangamkia Anna kupita kiasi, Bettino akamwambia mkewe inabidi tuondoke. Wakapanda gari la farasi. Anna alidhani wanarudi nyumbani mjini, kumbe farasi wameelekezwa Brolio, usiku kucha, yeye na gauni lake jepesi la dansi na viatu vya hariri, mpaka ngomeni. Na wakaishi huko. Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanacheka, wanasema baroni alikuwa na wivu. Mi sikipendi kabisa. Namfikiria mwanamke wa mjini anashushwa alfajiri kwenye ngome ya mawe katikati ya msitu, hakuulizwa. Alifariki 1852, mumewe akaishi miaka 28 zaidi, akafia Brolio tarehe 23 Oktoba 1880.

Walipata mtoto mmoja tu, wa kike, Elisabetta. Kwaiyo yule Baroni wa Chuma mwenye jina na fomula na uwaziri mkuu hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Elisabetta akaolewa ndani ya ukoo, na Alberto wa tawi la Ricasoli Firidolfi, na kizazi kilichoendelea Brolio baada ya Bettino kimetoka tumboni mwake, mpaka Francesco aliyelirudisha jina la biashara 1993. Ukienda kwenye jumba la makumbusho ngomeni utakuta silaha, hati na picha za wazee wa ukoo, na kuna mchoro maarufu wa 1584 unaouonesha ukoo kama mti mkubwa umeota juu ya vilima vya Chianti, matawi yamejaa majina ya wanaume. Mchoro huo ni wa karibu karne mbili na nusu kabla ya Elisabetta. Ukisimama mbele yake, mwongezee tawi lake.